Muziki wa Bure Una Wenyewe

Ukimwambia kijana wa Kakuma "muziki wa bure", atafikiria memori kadi ya rafiki yake. Anachukua, anahamisha kwenye simu, anapiga kwenye spika, kwisha. Nani aliimba, nani alitunga, hiyo kwake si kazi. Mimi hapa nataka kueleza muziki mwingine wa bure, ule wa Ayalandi, ambao watu duniani kote wanaupiga kila tarehe 17 Machi bila kumlipa mwenye wimbo. Swali langu ni moja tu: ulikuaje wa bure? Nani aliuacha hivyo? Nimelisoma jambo hili karibu mwaka mzima sasa, na naona linatuhusu sisi watu wa kambi kuliko tunavyodhani.

Sababu ya kutafuta ilikuwa ndogo. Nafanya kazi na vijana kwenye kituo kimoja hapa Kakuma. Turkana hii ina historia yake na Waayalandi: mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Kiltegan tarehe 17 Machi 1932, wamefanya kazi huku tangu miaka ya 1960, kwa hiyo Wakatoliki wengi wa hapa wanaijua sikukuu ya huyo mtakatifu. Mwaka jana tulikuwa na dada mmoja wa kujitolea kutoka Ayalandi. Alikuwa anamaliza muda wake mwezi wa tatu, vijana wakasema tumuage siku ya sikukuu ya kwao. Chakula kilipatikana. Spika tunayo. Muziki ndio haukuwepo, hela ya kununua haikuwepo, na bando lenyewe lilikuwa la kuhesabu. Nikapewa mimi kazi ya kutafuta nyimbo ambazo ni za bure kweli, si za kuiba.

Nilianza na Patrick mwenyewe. Wengi hatujui kwamba hakuwa Mwayalandi. Alizaliwa Britania, upande wa Warumi, na aliishi karne ya 5. Mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa na umri wa karibu miaka 16 alitekwa na wavamizi, akapelekwa Ayalandi kama mtumwa, akachunga mifugo kwa miaka 6, akatoroka, akafika kwao. Baadaye akarudi tena kulekule alikoteswa, safari hii kama mhubiri. Yaani sikukuu ya taifa zima imesimama juu ya kijana aliyetekwa. Hapa kambini kuna vijana wanaoielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Na sherehe yenyewe, kwa namna inavyoonekana leo, na magwaride na bendi na nguo za kijani, ilikua zaidi ugenini kuliko nyumbani. Gwaride la New York linahesabiwa kuanzia mwaka 1762, wakati Marekani bado haijawa nchi. Walioandamana ni Waayalandi waliokuwa mbali na kwao, wakiwemo askari wa jeshi la Mwingereza. Huko Ayalandi kwenyewe siku hiyo ilifanywa sikukuu ya kisheria mwaka 1903, na kwa miaka mingi ilikuwa siku ya misa, baa zimefungwa. Mto wa Chicago ulianza kutiwa rangi ya kijani mwaka 1962. Watu wakiwa mbali ndio wanaishika sikukuu kwa nguvu. Si unatuona sisi Wakongo tarehe 30 Juni?

Neno lingine nililokutana nalo kila mahali ni "Kelti". Ni neno pana. Tangu mwanzo wa karne ya 18 wasomi wanalitumia kwa jamaa ya lugha za Ayalandi, Uskoti, Wales, Cornwall, kisiwa cha Man na Bretagne ya Ufaransa. Kwenye muziki ni jina la dukani zaidi. Mpiga fidla wa kijijini miaka 200 iliyopita hakujiita Mkelti, kama vile bibi yangu hakuwahi kujiita mwanamuziki wa Kibantu. Aliimba tu nyimbo za kwao.

Kama unadhani muziki huo hatuujui, kumbuka wimbo wa kuagana wa maskauti, ule tunaouimba kwa Kifaransa tukiwa tumekunja mikono na kushikana kwa duara. Sauti yake ni ya Uskoti. Robert Burns aliandika maneno yake mwaka 1788, akaeleza kwamba aliyachukua kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuimba. Maneno ya Kifaransa aliyatunga padri Mjesuiti, Jacques Sevin, mwaka 1920. Burns tunamjua. Sevin tunamjua. Yule mzee je? Hana jina. Naomba msomaji ulishike hilo.

Turudi Ayalandi. Zamani wapiga vinubi walikuwa watu wa heshima. Waliishi kwa machifu na matajiri, wakawatungia nyimbo. Karne ya 17 machifu hao walinyang'anywa ardhi, wengine wakakimbilia nchi za Ulaya, na wapiga vinubi wakabaki wakizunguka nyumba hadi nyumba. Maarufu kuliko wote ni Turlough O'Carolan, aliyezaliwa mwaka 1670 na kupofuka kwa ndui akiwa kijana. Alifariki mwaka 1738, na zaidi ya nyimbo 200 zake zimefika mpaka leo.

Mwezi wa Julai 1792 watu wa Belfast waliitisha mkutano wa wapiga vinubi waliobaki. Wakaja 10 wa Ayalandi na mmoja wa Wales. Hao tu. Wengi wao walikuwa vipofu, na mkubwa wao, Denis Hempson, alikuwa amepita miaka 90. Aliyepewa kazi ya kuandika noti alikuwa kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda. Wakati ule hakukuwa na kinasa sauti. Alikaa, akasikiliza, akaandika kwa kalamu. Mkutano ulipokwisha hakuishia hapo. Aliwafuata wazee vijijini, akachapisha kitabu mwaka 1796, cha pili mwaka 1809, cha tatu mwaka 1840. Nyimbo nyingi za kinubi zinazopigwa leo zilipita kwenye mkono wa kijana huyo. Kama mkutano ule ungechelewa miaka 20, wangekuja nani?

Lakini angalia kilichofuata. Kuanzia mwaka 1808 mshairi Thomas Moore alichukua baadhi ya sauti alizokusanya Bunting, akazitilia maneno ya Kiingereza, zikapendwa hadi London. Moore alilipwa vizuri kwa kazi hiyo. Bunting hakupata kitu, akalalamika mpaka uzeeni. Na wale wazee waliozipiga? Wao hawakuwa hata kwenye hesabu.

Halafu ikaja njaa. Mwaka 1845 ugonjwa ulishambulia viazi, na watu maskini wa Ayalandi walikuwa wanaishi kwa viazi. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walikuwa wamebaki kama milioni 6 na nusu. Karibu milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walipanda meli wakaondoka. Chakula kingine kilikuwepo nchini, kiliendelea kusafirishwa kwenda kuuzwa nje. Mtu anayeitwa George Petrie, aliyekuwa akikusanya nyimbo, aliandika kwa uchungu kwamba baada ya njaa mashamba yalinyamaza, watu hawaimbi tena. Kwa sisi tuliotoka Fizi na Uvira, kunyamaza kwa kijiji si jambo la kusoma kitabuni.

Kitabu cha Petrie kilitoka mwaka 1855. Ndani yake kuna sauti moja aliyoletewa na mama mmoja wa Limavady, kaskazini, jina lake Jane Ross. Chini yake hakuna jina la wimbo, wala la aliyeupiga. Ni sauti tu, nzuri sana. Mwaka 1913 mwanasheria wa Kiingereza, Fred Weatherly, alichapisha maneno yake juu ya sauti hiyo, na ndio ule wimbo wa "Danny Boy" unaopigwa kwenye mazishi na sikukuu za Waayalandi dunia nzima. Weatherly alifariki mwaka 1929, kwa hiyo leo hata maneno yake ni ya bure. Tuna jina la mama aliyeleta, jina la mzee aliyechapisha, jina la mwanasheria aliyetia maneno. Mpigaji hayupo.

Sasa nije kwa mtu niliyempenda kuliko wote katika habari hii, na ajabu ni polisi. Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 Tralibane, wilaya ya Cork, katikati ya njaa. Akiwa na miaka 16 aliondoka nyumbani akawa baharia. Alizunguka dunia, meli yake ikavunjika kwenye bahari ya Pasifiki, akaokolewa. Mwaka 1873 aliingia polisi Chicago, na mwaka 1901 akawa mkuu wa polisi wa mji wote. Chicago ilikuwa imejaa wakimbizi wa njaa na watoto wao, kutoka kila pembe ya Ayalandi, wamebanana mtaa mmoja. Nyumbani mtu wa Cork asingekutana na mtu wa Donegal. Chicago walikutana kwenye ngazi ya nyumba moja. Hapo O'Neill akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: kwamba nyimbo za nchi nzima zimeletwa mahali pamoja, na kwamba zitapotea hapohapo watoto wakishaanza kuona aibu.

O'Neill alipiga filimbi kwa masikio, hakuwa hodari wa kuandika noti. Akampata polisi mwenzake, James O'Neill, si ndugu yake, ila jina tu limefanana. Francis anapiga au anaimba, James anaandika. Mwaka 1903 walitoa kitabu cha nyimbo 1,850, na mwaka 1907 kingine cha nyimbo 1,001 za dansi. Mpaka leo wapigaji wanakiita hicho cha pili "Kitabu" tu, wanaelewana. Lakini kazi yake iliyonigusa zaidi ni ya mwaka 1913. Alitoa kitabu kinene kinachoeleza wapigaji wenyewe: fulani wa kijiji fulani, alijifunza kwa fulani, alikufa wapi. Alirudisha majina.

Kutoka kwenye karatasi tukaingia kwenye santuri. Mwaka 1916 mama mmoja mwenye duka New York, Ellen O'Byrne DeWitt, alichoka na wateja kuuliza santuri za muziki wa kwao ambazo hazipo. Akaenda kwa kampuni ya Columbia, akawaambia: rekodini, mimi nitanunua nakala 500. Mwanawe akatumwa kuwatafuta wapigaji, akawapata Eddie Herborn wa kodiani na James Wheeler wa banjo. Santuri zikaisha. Kampuni zikagundua kwamba mkimbizi na mhamiaji pia ana pesa ya wimbo.

Hapo kwenye banjo naomba nisimame kidogo. Banjo si ya Ulaya. Ilitengenezwa na Waafrika waliouzwa utumwani Karibea na Amerika, wakikumbuka vyombo vya nyuzi na ngozi vya Afrika Magharibi. Kwa hiyo moja ya santuri za mwanzo kabisa za dansi ya Ayalandi ina sauti ya chombo chetu ndani yake. Nani alikitengeneza cha kwanza? Unajua jibu.

Baada ya hapo akaja Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia Marekani mwaka 1914. Alirekodi miaka ya 1920 na 1930, na ndugu wa Marekani wakawa wanatuma santuri zake nyumbani pamoja na dola. Kijiji kizima kinakaa kwenye gramafoni moja kumsikiliza mtu wa kwao aliyeko New York. Uzuri wake ni kwamba watu walijivunia tena muziki wao. Ubaya wake ni kwamba kila kijana alitaka kupiga kama Coleman, na mitindo ya vijiji vingine ikaanza kufifia. Kurekodi kunaokoa, lakini pia kunachagua.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1935 serikali ya Ayalandi huru ilipitisha sheria kwamba dansi ya hadhara lazima iwe na kibali cha mahakama. Sheria ilihusu kumbi, ila sehemu nyingi mapadri na polisi waliitumia kuzima hata dansi za jikoni kwa watu. Ni mwaka 1951, kule Mullingar, wapigaji walipounda chama chao, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, wakaanza kufundisha watoto na kufanya tamasha kila mwaka. Mwaka 1987 Dublin ilifunguliwa hifadhi ya muziki wa jadi, na leo mtu yeyote anaweza kusikiliza sehemu ya hazina yake bila kulipa.

Basi, kwa wenzangu wanaoandaa sherehe, hiki ndicho nilichojifunza kuhusu "bure". Sauti ya jadi, kama zile za O'Carolan au za vitabu vya O'Neill, haina wa kukudai; ipige, icheze, ifundishe. Lakini rekodi ni kitu kingine. Bendi ikirekodi leo wimbo wa miaka 300, wimbo ni wa wote, rekodi ni ya bendi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda rekodi kwa miaka 50. Marekani inalinda zaidi, ila rekodi zilizotoka kabla ya mwaka 1923 zilifunguliwa zote tarehe 1 Januari 2022, pamoja na ile ya Herborn na Wheeler. Na kuna wapigaji wa leo wanaotoa kazi zao kwa leseni huria, wakiomba kitu kimoja tu: nitaje jina. Angalia basi, hata anayekupa bure, jina haachi.

Siku ya sherehe tulipiga santuri hizo za zamani, zenye kelele ya mikwaruzo kama mvua kwenye mabati. Vijana walicheka kwanza. Halafu ikaja jigi, dansi ya hesabu ya sita, na wasichana wa Burundi wakaanza kupiga makofi mahali penyewe kabisa, kana kwamba wameizoea. Yule dada alituambia rekodi nyingine hata yeye hakuwahi kuzisikia. Ilikuwa sherehe nzuri, ikaisha, tukafagia.

Kilichobaki kwangu ni jambo jingine. Kwenye blok yetu kulikuwa na mzee wa Fizi anayepiga likembe. Jioni unamsikia. Kuna watu waliwahi kuja na vinasa sauti vyao, wakamrekodi yeye na mama wawili wanaoimba za kilio kwa Kibembe, wakashukuru, wakaenda. Sijui kama popote pameandikwa majina yao. Nilipoanza kusoma habari za O'Neill nilikwenda kwa mzee na daftari. Nikamwambia, mzee, naomba nikuandike, wewe na nyimbo zako. Akanisikiliza, akaniambia:

"Mwanangu, hii wimbo si yangu. Mimi nilifundishwaka na shangazi yangu kule Baraka. Andika kwanza jina yake."

Nikaandika. Tulifanya Jumamosi tano. Mwezi wa kumi na moja mzee alifariki, na mmoja wa wale mama ameshapata safari ya Kanada. Kakuma yetu ni kama Chicago ile: Mbembe, Mfuliiru, Mrundi, Mdinka, Msomali, wote kwenye bomba moja la maji, na kila mwezi basi linaondoka na watu wanaokwenda uwanja wa ndege. Nyimbo zimekusanyika hapa bila mtu kuziita, na hazitakaa.

Tofauti yetu na wale wa Belfast ya 1792 ni kwamba kila kijana ana simu mfukoni inayorekodi. Hatuhitaji kusubiri mgeni. Daftari letu lina safu tano: jina la anayeimba, wimbo ni wa shughuli gani, alijifunza kwa nani, alijifunzia wapi, na ya mwisho, anaruhusu nani ausikie. Hiyo ya mwisho ni muhimu, maana nyimbo nyingine ni za jando au za msiba, si za spika. Mwenyewe akisema usitoke nje, hautoki. Akisema ni wa bure, utatoka na jina lake, na la shangazi wa Baraka pia.

Daftari liko kituoni. Tunakaa kila Jumamosi saa nane mchana. Kama nyumbani kwenu kuna mzee au mama anayeimba huku akipika, usimwambie kwamba kuna mradi. Mwambie kuna vijana wanataka kujifunza, kisha njoo naye.